Mimi, Gia Moja na Kadi Namba Nane

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeifundisha kompyuta kuendesha gari! Imetulia tuli, imekiri kwamba dereva ni mimi, wengine ni abiria.

Uongo. Nimeendesha dakika nne nikagonga kituo cha basi. Kituo cha picha, sawa, lakini watu wa picha waliruka pembeni, na mama mmoja wa picha alinitazama vibaya.

Niandike vizuri. Mjukuu wangu, huyu mtoto wa binti yangu mkubwa tunayeishi naye, anafanya kazi maabara ya barabara. Wameuingiza mji mzima kwenye kompyuta: barabara, taa, mizunguko, na magari madogo kama siafu. Wanataka kujua foleni ya mzunguko wa sokoni inazaliwaje, waipunguze. Tatizo, siafu wao hawana tabia. Kwa hiyo wameita madereva ishirini wastaafu, tukae kwenye gari la kuigiza, kompyuta ituangalie. Unaacha nafasi gani mbele yako? Unashika breki lini? Ukikuta mzunguko umejaa, unasubiri au unajichomeka? Kisha siafu wanagawiwa tabia zetu.

Gari lenyewe ni kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu, usukani, kanyagio tatu, skrini tatu. Halinuki dizeli! Mimi nimeendesha lori la saruji miaka thelathini na moja. Nitaendeshaje kitu kisichonuka?

Na nani kaingia baada yangu? Gia Moja! Tulikuwa karakana moja. Jina alipewa na mafundi, kwa sababu akishaingiza gia ya kwanza anaona imetosha. Dakika kumi, hakugusa hata kivuli. Mjukuu wangu akampigia makofi. Eti, "Babu, una utulivu kweli!"

Babu! Babu yake nani?

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mke wangu habari za Gia Moja. Amesema naonekana kama paka aliyenyang'anywa mkia wa samaki. Nimemjibu sina wivu. Akauliza, "Nani ametaja wivu?"

Sijala mkate wa asubuhi. Kwa hiari yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo.

Jumatatu ilikuwa ya kuzoea kiti tu. Leo ndiyo siku yenyewe: saa nzima ndani ya mzunguko wa sokoni, na kompyuta inaandika kila kitu. Kila dereva ana kadi yenye namba. Unaichomeka kando ya usukani, kompyuta inakujua kwa kadi hiyo. Mimi saba. Gia Moja nane. Mjukuu wangu alikuwa kwenye kikao. Aliyebaki ni fundi wa mitambo, kijana mwenye miwani minene kama vitako vya chupa, na yeye haangalii mtu. Anaangalia kadi.

Tuko chumba cha kusubiri, Gia Moja na mimi. Ananisimulia jinsi mjukuu wangu — wangu! — alivyomletea chai kwenye kikombe chenye kisahani. Mimi nililetewa kwenye cha plastiki. Kisha akainuka kwenda chooni. Kibofu chake nacho kina gia moja, kwenda na kurudi ni robo saa. Kadi kaiacha mezani.

Fundi akaita, "Anayefuata!"

Nikaichukua namba nane. Ya kwangu nikaiacha palepale.

Halafu nikaendesha! Sijaendesha hivyo tangu nilipostaafu. Mzunguko umejaa? Nimeingia. Mbele hakuna pa kutokea? Nimeingia hivyohivyo, nikawafungia njia wa kushoto na wa kulia. Nimepita pembezoni mwa barabara. Nimemsukumia pua mwenye gari dogo mpaka akanipisha. Honi — mkono haukutoka juu yake. Nikawaza: wakisoma namba nane watasema, "Kumbe Gia Moja ni shetani!" Na yeye, bila miwani yake ya kusomea, ataokota namba saba na kuendesha kama malaika, na umalaika utaandikwa kwangu.

Ikawa hivyohivyo. Nilipotoka nikampisha mlangoni nikasema, "Karibu, ndugu yangu." Akashukuru! Mwisho tukaziweka kadi zote mbili kwenye boksi la fundi. Hakuna aliyeona.

Nimelala usingizi wa mchana mtamu kama wa mtoto.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa.

Mjukuu amerudi mbio, viatu mkononi. "Babu! Tumempata!" Nani? "Namba nane!"

Nikajikaza nisicheke. Nikauliza kwa upole, kwani huyo mzee kaharibu nini?

"Kaharibu? Ametuokoa!"

Akakaa chini akanieleza. Madereva wote, anasema, wameendesha kama wako kwenye mtihani wa leseni. Wanapishana, wanasubiriana, wanaogopa mashine. Siafu wakipewa tabia zao, foleni haitokei kabisa, na kila mtu anajua foleni ipo. Namba nane peke yake ndiye kaendesha kama watu wanavyoendesha. Walipowapa theluthi moja ya siafu tabia ya namba nane, mzunguko ukafunga! Kamera za barabarani zinaonyesha foleni inafika kiwanda cha magodoro saa moja na dakika ishirini asubuhi. Kwenye kompyuta imefika palepale, dakika ileile.

Nikasema lakini Jumatatu alikuwa mpole. "Alikuwa anaona aibu, Babu. Alhamisi kaonyesha makucha. Ila sijamwambia hivyo, mtu mzima. Nimemwambia tu ametusaidia sana."

Nikauliza, na namba saba?

Akanishika bega. "Wewe, mchumba wangu, ulijifanya mtakatifu. Tumekuweka kando."

Kando! Miaka thelathini na moja!

Jumatatu, 10 Machi

Picha ya Gia Moja imebandikwa ukutani maabara, chini wameandika DEREVA WETU. Kanipigia simu mwenyewe kuniambia. "Sijui nimefanya nini, Honi" (Honi ndilo jina langu la karakana), "ila wamenipa kiti chenye mikono."

Nimewahi kumwonea mtu wivu kwa nyumba. Kwa gari. Kwa meno. Leo namwonea mtu wivu kwa sababu yangu mimi mwenyewe. Sijui hata niuelekeze wapi.

Jumatano, 12 Machi

Tumealikwa kutazama. Injinia mkuu wa barabara alikuwepo, mtu mrefu asiyetabasamu, na kalamu tatu mfukoni.

Mjukuu akawasha skrini kubwa. Siafu wakaanza kutembea. Loo! Niliwajua! Yule anayevutia kidogo kulia kabla ya kujichomeka kushoto — huyo mimi. Yule anayemwekea mwenzake pua mlangoni — mimi. Nilikuwa nimejaa barabara nzima, mamia yangu, nafunga njia kila kona. Na nyuma, mbali kabisa, siafu mmoja amesimama hajui kwa nini. Mimi nikigusa breki hapa, yule wa mwisho anailaumu serikali.

Sikuwahi kumwona huyo wa mwisho. Kwenye lori unaona vioo viwili tu.

Kisha akaonyesha dawa. Taa zinazowashika watu kidogo kabla hawajafika kwenye mzunguko, wanaingia kwa mafungu. Zimepimwa kwa subira ya namba nane: sekunde kumi na moja, ikifika ya kumi na mbili anajichomeka. Foleni ikapungua nusu mbele ya macho yetu. Watu wakapiga makofi. Gia Moja akainuka akainamisha kichwa kama bwana harusi. Nikasaga meno, na sina mengi.

Injinia akasema atazifunga taa hizo kwa majaribio, ila kwa sharti moja. Namba nane arudi Ijumaa aendeshe tena. Kipimo kikilingana, kazi inaanza. Mpango wote umesimama juu ya dereva mmoja, anataka kuhakikisha huyo dereva hakuotwa.

Mjukuu akacheka. "Hilo dogo!"

Mimi nikatoka nje kupunga hewa.

Ijumaa, 14 Machi

Gia Moja kaendesha kama Gia Moja. Kasubiri. Kapisha. Kamsimamia mbwa wa picha mpaka avuke, halafu kamsubiri arudi. Subira yake sekunde hamsini na nne!

Injinia akatazama karatasi mbili, ya wiki iliyopita na ya leo. Akasema polepole, "Binti, mashine yako inaota." Kampa mpaka Jumanne saa nne asubuhi aonyeshe kosa liko wapi. Asipoonyesha, mradi unafungwa, na mkataba wake unaisha mwezi huuhuu.

Amerudi jioni. Kakaa kwenye kiti cha jikoni na kompyuta magotini, viatu miguuni. Bibi yake kamwekea chakula, kikapoa.

Nilifungua mdomo. Nikaomba chumvi.

Jumapili, 16 Machi

Bado anatafuta kosa. Anasema huenda hesabu ya breki ina kasoro, huenda ni ile ya nafasi kati ya magari. Ameanza kuzibadilisha. Anafuta mistari iliyo sawa! Foleni haifiki tena kiwanda cha magodoro, sasa inaishia kwenye duka la viatu. Kila akifuta, macho yanazidi kuwa mekundu.

Kaniambia, "Babu, nilidhani najua kazi hii."

Jumatatu, 17 Machi

Mke wangu kanikuta nyuma ya nyumba nikimwagilia mti uliokufa mwaka jana.

"Umefanya nini wewe?"

Sijafanya kitu.

"Mzee mwenzangu, nimekaa na hiyo sura miaka arobaini na tatu. Umefanya nini?"

Nikamwambia yote. Kadi, choo, honi, malaika. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nami nikaanza kucheka. Ghafla yeye akaacha, mimi nikabaki nacheka peke yangu kama mwehu.

"Kwa kikombe chenye kisahani?" akauliza.

Kwa kikombe chenye kisahani.

"Mtoto anabomoa nyumba nzima akitafuta panya, na panya ni wewe. Mwambie."

Nikasema nitamwambia, ila nitafute pa kuanzia. Akasema pa kuanzia ni mdomo. Akanipokonya ndoo.

Nikaingia jikoni. Nikasema, usifute tena, rudisha kila kitu kilivyokuwa Jumatano ile ya maonyesho. Mjukuu akauliza kwa nini. Nikamwambia kesho nitakuja maabara mapema, utajua. Kanitazama sana. Lakini karudisha.

Hiyo si kusema. Najua. Mke wangu naye amenikumbusha mara sita.

Jumanne, 18 Machi

Saa mbili na robo asubuhi. Naandikia kwenye benchi la korido ya maabara, daftari juu ya goti.

Nilipita kwanza kwa Gia Moja. Nilimkuta amevaa suti! Alitaka kuja kumwomba injinia radhi, kwa sababu anaamini ameharibu yeye. "Labda nimezeeka, Honi. Labda ile Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho ya kuendesha vizuri."

Hapo ndipo ulimi ulipofunguka. Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kitandani akavua kofia. Akauliza, "Kwa hiyo ile picha ukutani ni ya nani?"

Nikasema picha ni yako, uendeshaji ni wangu.

"Na ya saba? Ile waliyoiweka kando?"

Hiyo ndiyo yako.

Akaipindua kofia, akaangalia ndani yake. Halafu: "Miaka yote karakana mlinicheka. Wiki hii ndiyo ya kwanza mtu kaniambia mimi dereva. Nilimpigia mwanangu simu, nikamwambia."

 Na lile nililotaka tangu walipobandika picha — jina langu chini ya namba nane — nimelipata. Nikiingia mlango huu, maabara nzima itajua mfungaji wa njia mji mzima ni mimi. Haya, nimeshinda.

Tulikuja pamoja kwa miguu. Yeye mbele, mimi nyuma, kwa mwendo wake ule.  Mlangoni nasikia sauti ya mjukuu anajibizana na fundi. Injinia ameshapita, kalamu tatu, hakutusalimia.

Nimejaribu kusimama mara mbili. Mara zote mbili nimekaa tena. Gia Moja anatazama mbele tu, kofia mapajani.

Ameuliza, "Unaandika nini?" Nimesema hesabu za nyumbani.

Sasa nimemgeukia. Nimemwambia, ndugu yangu, unakumbuka geti la karakana, ule mwaka wa mvua nyingi? Uliligonga wewe kwa kinyumenyume, mimi nikamwambia meneja nimeligonga mimi, kwa sababu wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeajiriwa. Nikafagia karakana mwezi mzima. Sijawahi kukudai.

Akasema anakumbuka.

Nimesema leo nakudai, na si kikubwa. Kusema nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, yote, hata kile kikombe. Ila mlango ukifunguliwa, tafadhali, tangulia wewe.