Mkwaruzo Shingoni mwa Mfalme

Mogogosiek, Konoin

Mama mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye majani chai. Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika huko nyumbani, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi niko mzima, na hoteli yangu inaendelea, ingawa mvua ya mawe ilipiga chai juzi na wachumaji wengi sasa wanaagiza nusu sahani. Sikupiga simu kwa sababu wewe huiweka sauti ya juu, na haya sitaki majirani wayasikie kabla yako. Wifi Moraa akusomee polepole, asiruke kitu.

Mama, nimempata yule mtu aliyemuuzia Baba zile rupia za zamani.

Aliingia hotelini wakati wakulima wanalipwa bonasi ya chai, amevaa kofia ya ngozi, akaagiza nyama na ugali. Alianza kutoa mafuta kwenye nyama kwa kidole, akiyapanga ukingoni mwa sahani. Hivyo ndivyo alivyokula kwetu siku ile, na mimi ndiye niliyemwandalia. Aliniangalia usoni akaniita mrembo. Hakunijua hata kidogo.

Alikuwa na Kogo Tabutany, yaani Bibi Tabutany kwa lugha ya huku, mjane mwenye shamba la chai karibu na kiwanda, mteja wangu wa kila siku. Nikasikia maneno yale yale, kama mtu aliyeyakariri: hizi ni pesa za fedha halisi za wakati wa mkoloni, kuna tajiri Nairobi anazitafuta, mimi sina nauli ya kumfikia, wewe Mama utapata faida. Kisha simu ikalia, na "tajiri" mwenyewe akaongea na Kogo kwa sauti ya upole.

Niliona sarafu zenyewe nilipopanguza meza. Unakumbuka baada ya mazishi nilibeba zile za Baba? Nilizipeleka kwa fundi wa saa Kericho mjini. Akazipanga juu ya kitambaa akaniambia, "Dada, tazama shingo ya mfalme." Kila moja ilikuwa na mkwaruzo mwembamba kutoka sikioni hadi kwenye kola. Akanieleza kwamba pesa iliyopita mikononi mwa watu huchakaa kivyake, hii hapa, ile pale. Zote zikiwa na alama moja mahali pamoja, zimemiminwa kwenye kalibu moja. Akanionyesha pia mstari pembeni, pale vipande viwili vya kalibu vinapokutana, uliopigwa tupa ili ufichike.

Za Kogo zilikuwa na mkwaruzo ule ule.

Nilitaka kummwagia sufuria ya mchuzi. Lakini angekimbia, na mimi ningebaki na mchuzi chini. Nikamwita Kogo jikoni, nikamnong'oneza, "Usitoe kitu. Mwambie unangoja mtoto wako." Halafu nikarudi kwa yule mtu nikitabasamu mpaka mashavu yakauma. "Hata sisi akina mama wa chama tunazitaka. Niletee nyingi."

Akaja Jumamosi na mfuko mzima. Akakuta hoteli imejaa watu niliowaalika. Kogo alikuwepo na wanawe, assistant chief alikuwa kona akinywa chai kama mteja yeyote, na mzee mmoja kutoka Soin aliyelizwa vile vile. Akadhani wote ni wanunuzi. Akamwaga sarafu mezani kwa furaha.

Nikaokota moja. "Mfalme ana nini hapa shingoni?"

"Ni uzee, mrembo. Imetembea sana hiyo."

"Na hii?"

"Hata hiyo."

"Na hii? Na hii? Wafalme wote walikwaruzwa na paka mmoja?"

Watu wakaanza kuokota, kila mtu na yake, wakizielekeza dirishani. Akatazama mlango, lakini mlangoni nilikuwa nimesimama mimi. Nikamwambia mimi ni binti wa nani, na wa kijiji gani, na kwamba mzee huyo aliuza ng'ombe wake wa maziwa, akachekwa dukani Nairobi, akaacha kwenda kanisani kwa aibu hadi tukamzika.

Unajua alijibu nini? "Mzee gani huyo? Wako wengi, siwezi kuwakumbuka."

Mama, hapo ndipo nilipomchukia upya. Baba alimtaja mpaka kitandani, na yeye hana hata sura yake kichwani.

Wanawe Kogo wakavua mishipi. Assistant chief akawazuia, na sitakudanganya, niliona amewazuia mapema mno. Wakamvisha mfuko wake shingoni wakampeleka polisi kwa miguu, katikati ya chai, wachumaji wakiacha vikapu ili wamwone. Nami nikafuata na aproni yangu hadi mlango wa kituo. Ugali uliungua. Uungue.

Wiki hii mke wake alikuja na mtoto mgongoni. Alilia, akaniomba niondoe malalamiko yangu. Nilimkaribisha kiti, nikampa chai ya maziwa na chapati, nikambebea mtoto mpaka akamaliza. Kisha nikamwambia, "Hapana." Akaniomba tena. Nikasema hapana tena, nikamsindikiza hadi barabarani.

Kesi itakaposikizwa nitafunga hoteli. Nitakaa mbele kabisa, mahali ambapo lazima anione, na kila akiinua macho atakutana na macho yangu haya niliyorithi kwa Baba. Safari hii atakumbuka.

Msalimie kaka Ogeto, na mwambie asinipigie kunishawishi niondoe malalamiko. Msalimie shangazi anayekutekea maji, na mchungaji. Wifi, asante kwa kusoma, na wabusu watoto.

Mama, najua utamwombea hata huyo mtu. Mwombee, ila usiniambie.

Ni mimi mwanao,
Kemunto