Kioo Kisicho na Mistari

Kwako Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wajomba zangu wadogo. Kiuno cha shemeji kimeponaje? Mwambie kabati hubebwa na watu wawili, halibebwi na mume mmoja mwenye hasira. Wajomba wasome, waache kupigania rimoti. Mimi mwili hauna shida, nakula, natembea. Moyo ndio sina uhakika nao.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu imenishinda, Dada. Ukiniuliza jambo kwenye simu, ulimi wangu unakimbilia jibu tamu kabla kichwa hakijafika. Kwenye karatasi naweza kukata na kuanza upya, na hii unayoisoma nimeshaichana mara kadhaa. Najua unataka habari za macho ya Baba. Nitafika huko, nakuahidi. Lakini lazima nianzie kwenye taa, maana bila taa hutaelewa nilichofanya.

Unajua kazi yangu kiwandani ni kuchora vioo vya taa za mkononi, zile za betri zenye mpini, wanazotembea nazo walinzi na wakaguzi wa reli. Balbu ya ndani ni ndogo, na ukiiacha ijiendee, nusu ya mwanga inapanda juu kuwaangazia popo. Kwa hiyo kioo tunakizungushia matuta, moja juu ya jingine, kama ya viazi, ila haya yamezunguka mviringo. Kila tuta linaukunja mwanga uende mbele na pembeni, pale mguu unapokanyaga. Mwinuko wa matuta niliupata mapema. Kilichonishinda ni mistari.

Kila kioo tulichotoa kilichora mistari ardhini, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi. Mkaguzi mmoja wa reli alikuja kulalamika kwamba anatembea akiruka mashimo yasiyokuwepo, na siku alipoamua haruki tena, shimo lilikuwepo. Akatuonyesha goti. Mpulizaji wetu wa kioo, ambaye wote tunamwita Mashavu, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, mchoro ulikuwa wangu. Mkubwa wa kiwanda akaniambia kwamba watu wa reli wametupa muda mpaka mvua zianze, baada ya hapo watanunua kwingine na sisi tutazima tanuri.

Zile kalibu za chuma ambamo Mashavu hupulizia kioo bado anazichonga Baba, kule nyumbani chumba cha nyuma, jiliwa lake likiwa limebana chuma pale pale dirishani. Nikampelekea mchoro mwingine, wenye kingo kali zaidi, nikidhani ukali ndio dawa. Kalibu ilipokuwa tayari Mashavu akapuliza, tukafunga madirisha ya stoo, tukawasha taa. Dada, ukuta mzima ulikuwa mweupe. Hata mstari wa kusingizia hakuna. Mwanga ulilala ukutani kama shuka iliyopigwa pasi. Mashavu alininyanyua juu juu kama mtoto.

Nikakimbia nyumbani kumuuliza Baba amefanyaje. Nilimkuta na kalibu ya pili. Alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya matuta, akikuta pakali anapiga msasa, anapapasa tena, anapiga tena, na uso ameuelekeza dirishani. Nikampa mchoro, nikamuuliza kama ameufuata. Akaushika kichwa chini miguu juu, akautazama kwa makini, akasema mchoro ni safi, mkono wangu unakomaa.

Nikaelewa mambo mawili kwa mpigo. Kwamba Baba haoni mchoro, haoni hata ukingo wa tuta. Anachonga kwa kumbukumbu na kwa kupapasa, na kila palipo pakali kidole kinadhani ni kosa, kinalilainisha. Na kwamba ule ulainishaji wake usio sawa, huku zaidi, kule kidogo, ndio uliofuta mistari. La kwanza lilipaswa kuniliza. Nisikufiche, nilisimama pale mlangoni nikafurahi.

Nilijaribu kuiga. Nilipima kalibu yake, nikachora upya, tukaupeleka mchoro kwa watu wa mashine waichonge wao. Ikarudi inang'aa kama pete, matuta yote sawasawa, na mistari ikarudi nayo. Ikabidi kalibu zote za reli zipite kwenye kidole cha Baba. Nikawa nampa sifa kila siku, kwamba vijana wa sasa hawawezi kazi yake, na mzee alivimba kichwa kwa raha. Alipolalamika kwamba dirisha limekuwa chafu, nilitoka nje nikalifuta. Dirisha lilikuwa safi.

Unakumbuka ulipokuja kututembelea, Baba akalisalimia koti lililotundikwa mlangoni na kuliuliza hali ya watoto? Tulicheka sote, na Baba akacheka kuliko sisi. Kisha wewe ukaacha kucheka. Ukanivuta jikoni, ukaniambia nimpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo, hutaki kusikia kisingizio. Nikaapa. Wakati huo, Dada, mchoro ulishapinduliwa mbele yangu na nilishajua kila kitu. Nilijitia hamnazo, nikashangaa pamoja na wewe kana kwamba na mimi ndiyo kwanza naona.

Halafu ukanipigia simu kuuliza, nikakwambia tumekwenda, daktari kasema ni mtoto wa jicho, hajakomaa, tusubiri. Hatukwenda. Hakuna daktari aliyesema hayo. Yale maneno ya kukomaa niliyaokota mitaani nikakuletea wewe, na wewe ukanishukuru. Mwenyewe nilijifariji kwamba mtoto wa jicho hutolewa wakati wowote, sasa kuna ubaya gani Baba akimaliza kalibu kwanza? Sababu ya kweli ni kwamba wakimtibu ataona mchoro wangu, ataufuata, na mistari itarudi. Niliogopa baba yangu asije akaona. Nimeliandika, limetoka.

Mvua zilianza. Watu wa reli walichukua taa zao, mkubwa akanipa mkono mbele ya kiwanda kizima. Ndipo nikampeleka Baba. Daktari alimwangalia kwa muda, akatuambia mtoto wa jicho yupo, ila si huyo aliyeharibu. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, na kilichokwisha hakirudi hata kwa upasuaji. Kwa la kulia anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na dawa ya matone, akiitia kila siku bila kukosa, inaweza kulinda hicho kilichobaki. Akauliza, tena bila ukali, kwa nini tumechelewa hivi, maana miezi michache nyuma kulikuwa na kingi zaidi cha kuokoa.

Nikafungua mdomo. Baba akanitangulia. Akamwambia daktari kwamba kijana wake alimbembeleza tangu mwanzo, ila yeye ni mzee mkaidi, hapatani na hospitali. Alisema hivyo huku mkono wake umelishika goti langu. Daktari akanitazama kwa huruma. Mzee alinikingia kifua, na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikaipokea ile huruma.

Njiani nilianza kumwambia. Akanikatiza, akasema anajua kwamba najua. Alijua tangu siku ile ya mchoro, kwa sababu nilikaa kimya kirefu, na mimi si mtu wa kukaa kimya. Akasema alikuwa anasubiri nimwambie twende. Aliona aibu kuomba mwenyewe wakati mkate wangu uko mikononi mwake, kwa hiyo alisubiri niseme mimi, na mimi nikawa nafuta dirisha. Kisha akasema yamepita, na wewe usiambiwe, kwa sababu una hasira, na yeye hana watoto wengine zaidi yetu.

Lingeishia hapo ningekuomba radhi nikafunga barua. Halijaisha, Dada, na hili ndilo lililonishikisha kalamu. Watu wa reli sasa wanataka kioo cha kijani, kidogo kuliko kile. Mkubwa aliniuliza kama mzee ataweza. Jibu lilikuwa moja tu, na nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwambia nitamuuliza. Na nikamuuliza! Baba alifurahi kama mtu aliyerudishwa kazini, tayari ameshabana chuma. Yale matone yakimwingia yanamtia ukungu kwa muda, na yeye anataka kile kidogo anachoona kiwe cha kazi. Kwa hiyo ya asubuhi anayaruka. Leo nimemwona kwa macho yangu akirudisha chupa kwenye rafu bila kuifungua. Nikamuaga, nikaenda kiwandani.

Nimerudi mchana nikasema tumbo linaniuma. Ni kisingizio. Nimejiogopa. Nilidhani mtu akishafanya ubaya akauona kwa macho, hawezi kuurudia kwa miguu ile ile. Nimeurudia, tena bila hata kuchechemea.

Njoo, Dada. Njoo umchukue akae kwako, au ulitupe jiliwa, au unitukane barabarani majirani wasikie, sitabisha. Ila usichelewe, kwa sababu kila siku anayoruka dawa inakula kile kibomba cha mwanga alichobaki nacho. Nimepanga kesho nimwambie mkubwa kwamba hapana, mzee hachongi tena. Lakini hata jana nilisema kesho, kwa hiyo usinitegemee.

Ukifika, Baba atakupokea kwa kicheko, na kabla hujavua viatu atakwambia kwamba mimi nilimbembeleza sana, yeye ndiye aliyekataa kwenda hospitali. Atalisema vizuri, maana ameshalifanyia mazoezi. Usimwamini.

Nisalimie shemeji, na wajomba uwabusu kwa niaba yangu, ingawa sijui utakuwa na moyo wa kunifanyia hilo ukishamaliza kusoma. Baba naye anakusalimu sana. Amekaa hapa hapa mezani, mkono mmoja kutoka kwangu, na ananihimiza nisiharakishe. Anadhani nachora.

Ni mimi mdogo wako,
Kizibo