Baba, Baridi Yao Siijui

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini sijui kukuandikia bila kukuamkia kwanza.

Ijumaa naondoka Masumbwe kwenda Kanada kusomea uuguzi. Ndiyo, mimi huyuhuyu uliyenicheka kwa kumkimbia jogoo. Naogopa, Baba.

Unakumbuka ulivyotufundisha maneno ya baridi kidato cha kwanza? "Cool" ilikuwa maji ya mtungini. "Chilly" ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, tunakimbia mchakamchaka meno yakigongana. Halafu ukaazima barafu kwa mama muuza samaki wa sato, ukatushikisha mmoja mmoja: "Hii sasa ndiyo freezing!" Vidole viliuma, tukaona Kiingereza chote tumekimaliza.

Kwa elimu hiyo nimejiponza. Mama wa Kanada nitakayefikia kwake aliniuliza kwenye simu kama aniandalie koti zito. Nikamjibu kwa madaha kwamba hata kwetu baridi ipo, na masweta ninayo mawili. Mtoto wa mwalimu naombaje koti? Juzi akanitumia picha ya ziwa la kwao. Watu wanatembea juu ya maji, Baba, na gari limeegeshwa katikati. Chini ameandika, "A bit chilly today." Kama hiyo ndiyo chilly yao, freezing ikoje?

Mama hapa nyumbani alipoiona picha hiyo aliketi chini palepale. "Ng'wanawane, mwanangu, huko watu wanaishije?"

Ila kinachonitisha zaidi ni kwamba hata wewe hukujua. Nilikuamini kwa kila neno, kumbe hili ulilijua kwa barafu ya samaki tu. Na siku ile mochwari, nilipokugusa paji la uso, nilitafuta neno kati ya yale uliyonipa. Nikakosa.

Leo asubuhi nimemwandikia yule mama ukweli: baridi siijui, naomba koti. Nililia nikiandika, nikaona kama nakuumbua mbele ya wageni. Unisamehe.

Sasa kwaheri, Baba. Nakuahidi Ijumaa nitapanda basi la kwenda uwanja wa ndege, na huko nitauliza kila nisichokijua, bila kuona haya. Lakini ungekuwepo, ungenisindikiza mpaka stendi.

Mwanao,
Kabula