Udi wa Ijumaa na Mtungi wa Gesi

Champlin, Minnesota
Jumamosi asubuhi

Mdogo wangu Mwanaidi,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta umekaa kibarazani na hilo goti limetulia. Ile dawa ya kuchua imesaidia? Sisi huku wazima, na neno hilo leo nimeliandika polepole, maana jana lilikaribia kuwa uongo.

Nitaanza na agizo, habari itafuata. Gari la mwanao lisilale tena ndani ya ghala lako. Weka barua chini, mwambie alitoe uani, kisha urudi uendelee kusoma.

Jana jioni nilimpigia simu, akacheka. "Mjomba, hiyo baridi ya huko ndiyo inawatia woga. Mtungi wa gesi wa gari langu umefungwa na fundi wa Dar, hauna neno." Wewe simu huisikii vizuri, ndiyo maana naandika. Barua ataibeba jirani yangu anayesafiri kesho kuja Tanga.

Lile gari langu la zamani, linalovuta kwa magurudumu yote manne, tangi lake la petroli lililiwa na chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Kamau, Mkenya anayetengeneza mabasi ya shule yanayotumia gesi, akanishauri tufunge mtungi wa gesi ileile ya jikoni, ila mtungi wenyewe wa chuma kizito, uliotengenezwa kwa ajili ya gari. Alhamisi akaufunga nyuma, mahali pa tairi la akiba, akapitisha bomba chini ya gari mpaka kwenye injini. Kila kiungo akakipaka povu la sabuni, tukainama kutazama kama linafura. Halikufura. Hata hivyo akasema, "Mzee, leo ilale nje. Baridi ikifinya hiyo pipe, joint inaweza legea. Kesho asubuhi nakuja ku-check tena."

Alasiri theluji ikaanza. Wifi yako akachungulia dirishani. "Litafukiwa hilo. Utalifukua wewe, na mgongo huo?" Nikaliingiza kwenye banda la gari, ambalo huku limeshikana na nyumba, kati yake na jikoni pana mlango mmoja tu.

Ndani hatuwezi kuchoma udi, king'ora cha moshi hulia mpaka majirani watoke. Basi kila Ijumaa wifi yako huifukiza kanzu yangu humo bandani, chetezo sakafuni, kanzu ikining'inia juu yake. Kuta zile zimekunywa udi wako unaotutumia kwa miaka, mtu akiingia hanusi kingine. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi, hutambaa na kujilaza sakafuni kama maji, palepale panapowekwa chetezo.

Jana asubuhi nilikuwa sebuleni nasoma, simu ikalia. Kamau, yuko nje.

"Mzee, gari iko wapi?"

"Bandani."

"Kuna mtu huko?"

"Hakuna."

"Sikia. Chini ya huu mlango inatoka harufu ya gesi. Usi-press button ya kufungua mlango, cheche moja inatosha kulipua. Hata taa usiwashe. Tokeni!"

Nikageuka. Wifi yako alikuwa jikoni, amenipa mgongo, kanzu begani, chetezo mkononi kimejaa makaa mekundu. Mkono wa pili ulikuwa kwenye kitasa cha mlango wa banda.

"Mama Rajabu!"

Hakugeuka. Kwa jina hilo namwita kutwa nzima: chai, miwani, rimoti. "Nakuja, nakuja, na wewe," akasema, na kitasa kikaanza kuzunguka.

"Zuhura!"

Mwanaidi, tangu Rajabu azaliwe sijamwita hivyo. Alisimama kama aliyemwagiwa maji, akanigeukia kwa macho makali. "Unamwita nani?"

"Toka mlango wa nyuma na hicho chetezo. Nenda mpaka mwisho wa ua. Usiulize."

Hakuuliza. Alikwenda na kandambili zake, akakitua chetezo kwenye theluji, kikalia chwaa. Kamau akaingia bandani kwa mlango mdogo wa pembeni, akaacha upepo upite, kisha akafunga koki ya mtungi. Kiungo kimoja kilikuwa kimelegea. Mimi na wifi yako tukabaki uani tukiutazama moshi wa chetezo ukipanda peke yake katika baridi. Baadaye ndipo wifi yako aliponiambia, "Kumbe jina langu bado unalikumbuka."

Sasa fikiria ghala lako. Ndimo unamopikia udi: sukari iko motoni, milango umeifunga harufu isipotee, na mtungi wa mwanao umelala ubavuni mwako. Ukivuja, gesi hamtainusa kwa udi. Sisemi auondoe. Nasema gari lilale uani, na kila akirudi kutoka Lushoto viungo vyote vipakwe povu, maana barabara ile hutikisa hata meno.

Nisalimie mkaza mwanao, umwambie khanga zimefika. Msalimie pia jirani yako mpishi wa vitumbua, na binamu yetu imamu wa Pangani. Kamau naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Anasema udi huo ni mzuri mno hata si salama.

Najua mwanao atacheka tena. Najua pia kwamba kwa heshima ya marehemu baba yetu, ambaye jina lake amelibeba, wewe humwita Baba tu, naye hukujibu "nakuja, nakuja" bila kuinua kichwa. Safari hii mwite Bakari. Jina kavu, kwa sauti. Atageuka.

Kaka yako anayekuwaza,
Hamisi