Pole ya Mzee Magesa

Kibara, Jumanne, Machi 1978

Neno moja tu, na sasa siwezi kulirudisha.

Mkutanoni tulikuwa tunawahimiza watu wachemshe maji ya ziwa kwa sababu ya kipindupindu. Sista Luz, muuguzi Mfilipino, ana mwezi mmoja tu hapa zahanati. Yeye anasema Kiingereza, mimi natafsiri. Akasema ugonjwa huu anaujua, kwao Ufilipino uliwaua kaka zake wawili. Nikatafsiri vilevile. Nilidhani yatawatuliza.

Mzee Magesa, aliyemzika mkewe Jumamosi, akasimama. "Kumbe ametoka nao kwao," akasema kwa Kijita. "Ndiye aliyetuletea."

Hakuna aliyembishia. Mgambo wawili wakasogea mbele.

Sista akaniuliza mzee anasema nini. Nilikuwaga najisifu kwamba siongezi wala sipunguzi. Nikamjibu, "Anakupa pole kwa ajili ya kaka zako."

Akamwendea, akamshika mikono yote miwili. "Asante, baba." Mzee akaichomoa, akaifuta kwenye shati mbele ya watu wote. Sista alidhani ni uchungu wa msiba.

Tangu jioni mgambo wamekaa mlangoni kwa Sista. Sijui wanamlinda au wanamzuia asitoke, na naogopa kuwauliza. Yeye amewapelekea chai.

Kesho anataka kwenda kwa Mzee Magesa kumpa pole ya mke. Peke yake, asinisumbue. Ameniomba nimfundishe maneno yenyewe kwa Kijita.