Msomi Hakukataa Kuinama

Mama,

Nampeleka Msomi wetu hospitali kubwa. Kabla hujatoka mbio, soma mpaka mwisho.

Asubuhi funguo za Baba zilianguka, akamwambia Msomi amwokotee. Msomi akasimama wima kama nguzo. Baba akasema, "Chuo kimekupa shingo ngumu," akaenda kazini amenuna. Lakini mimi namtazama tangu jana, anakwepa mwanga wa dirisha. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu gusa kifua kwa kidevu." Hakuweza, machozi yakamtoka. Mwili unawaka moto. Ndipo akasema wenzake wawili wa bwenini wamelazwa, wana homa ya uti wa mgongo. Alificha asije akakosa mtihani. Mimi niliyeishia shule ya msingi ningesema siku ile ile.

Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto. Kisha mpitie Baba kazini mwende zahanati leo hii, mpewe vidonge vya kinga. Gari la matangazo lilisema waliokaa na mgonjwa wasingoje kuumwa. Na jirani mwambie ukweli, wanawe walishinda naye hapa Jumamosi.

~~Mwambie Baba yeye ndiye aliyetuchelewesha.~~ Usimwambie hivyo. Mwambie tu mtoto hakuwa anabisha, alikuwa anaumwa.

Teksi inapiga honi. Msomi anauliza kama Baba bado amenuna. Nimemjibu kwamba ameshasahau. Akitoka zahanati aje hospitali haraka, nisionekane mwongo.

Dada mtu