Kaye ya Papa Ezéchiel ndani ya Karanga

Jumamosi, 5 Oktoba
Salongo, usafi wa pamoja wa parokia. Nimesafisha stoo ya kwaya peke yangu, makaratasi yote ya zamani, makao ya panya, nikampa Maman Agathe, muuza karanga wa getini, afungie karanga. Amenibariki. Sekretari kama mimi hapatikani!

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimekwisha. Kaye ya nyimbo, daftari la kwaya, haipo! Nyimbo sitini za Kimashi, mwandiko wa marehemu Papa Ezéchiel mwenyewe, mtunzi wetu, na Jumapili ni misa ya kumkumbuka. Kopi hakuna. Papa Donatien, rais wa kwaya, alikataza hata picha — eti nyimbo za Mungu haziwezi kulala ndani ya simu pamoja na matangazo ya bia.
Lazima iliingia ndani ya makaratasi ya Jumamosi. Nimekimbia getini. Ukurasa wa Kyrie tayari umefungiwa karanga. Nikampa Maman Agathe magazeti, abadilishe. Hataki, wino wa gazeti unachafua karanga. Basi nikaomba ninunue zote.
"Zote hapana, mwanangu. Ba-client bangu batakula nini?"
Siwezi kumwambia ni kaye gani. Akijua yeye, parokia nzima itajua kabla ya chakula cha mchana, na Papa Donatien wa kwanza.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimemwambia Delphin tu, sauti ya besi, kwa sababu anajua kula. Tumepita getini kwa zamu: mimi na kitambaa kichwani, mimi bila kitambaa, mimi na miwani ya dada. Delphin amepita mara saba na uso uleule. Kurasa thelathini na moja! Sanctus ina mafuta, lakini inasomeka.

Alhamisi, 10 Oktoba
Zilizobaki, mdogo wake Maman Agathe alizibeba soko la Walungu. Tumepanda moto, pikipiki moja watu watatu, mvua, matope hadi magotini. Delphin akaimba kututia moyo. Motari, dereva wetu, akamwomba aache, barabara yenyewe inatosha.
Sokoni, muzee mmoja alikuwa anaikunja Gloria awashie sigara. Nimelia mbele ya watu. Akanipa, akaniuliza kama ni barua ya mchumba. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 11 Oktoba
Tumbo. Karanga zote hizo.
Nimepiga pasi kurasa sitini, nikazishona kwa uzi. Delphin anaogopa kushuka noti za chini, kwa sababu anazozijua mwenyewe.
Inakosekana moja, ya mwisho. Si wimbo. Ndipo kila mlinzi wa kaye huandika jina, mwaka, na: nimeipokea, nitailinda kama mboni ya jicho langu. Tuko wanne. Mimi ni wa nne. Ukurasa usio na wimbo, nani ataukumbuka? Nimeamua kuusahau.

Jumamosi, 12 Oktoba
Mazoezi. Naandika nyuma ya benchi la alto. Kaye iko mezani, inanuka chumvi, na hakuna aliyeuliza! Nilitaka kucheza.
Papa Donatien ameingia anatafuna. Amesifu karanga za Maman Agathe, amesifu hata karatasi yake, safi, nzito. Amemimina za mwisho mdomoni. Halafu ameikunjua. Ametafuta miwani.
Delphin ananikanyaga mguu.
"Tiens, ajabu," amesema. "Ni mwandiko wa Jean-Baptiste huu."
Anasoma kwa sauti, polepole, anatabasamu. Jean-Baptiste, 1987, kama mboni ya jicho langu. Apolline, 1999, kama mboni ya jicho langu.
Amefuta miwani kwa shati. Sasa yuko kwa wa tatu.